Mandhari ni Pambo la Ukuta, Kiendelezi ni Mgeni Uliyempa Ufunguo



Ndugu zangu, kuna swali linajirudia kwenye inboksi yangu, hasa kutoka kwa vijana wanaofanya kazi kwenye maduka ya steshenari hapa Singida mjini, Manyoni na Kiomboi. Linakuja kwa sura tofauti lakini ni lile lile. Shekhe, kuweka mandhari ya Al-Kaaba kwenye kivinjari kuna ubaya? Na zile programu ndogo za kukumbusha adhana, za kuzuia matangazo, za kupakua video, tuweke au tuache?

Wengi wanategemea niwajibu kwa neno moja, halali au haramu, waendelee na shughuli zao. Leo naomba mnivumilie, maana hapa kuna vitu viwili vimechanganywa na havifanani hata kidogo.

Tuanze na wepesi. Kivinjari, au brauza kama mnavyoiita wenyewe, ni ile programu unayofungulia mitandao: Chrome, Firefox, Edge na ndugu zao. Ukiifungua kwenye kompyuta unaweza kuibadilisha rangi, ukaiwekea picha nyuma, ukaipaka kijani cha Yanga au nyekundu ya Simba, au ukaamua kuwaenzi Singida Black Stars wa kwetu. Hiyo inaitwa mandhari. Mandhari ya kweli ya Chrome ni rangi na picha tu. Haina uwezo wa kusoma unachoandika wala kujua umetembelea wapi. Ni sawa na mtu aliyepaka tembe lake chokaa na kulichora maua mlangoni, nani atamlaumu? Katika Surat Al-A'raaf, aya ya 32, Allah anawahoji wale wanaojiharamishia mapambo aliyowatolea waja wake. Basi pamba kivinjari chako, mradi usiweke picha ambayo ungeona haya baba mkwe akiikuta. Na wewe uliyeweka Al-Kaaba, ni jambo zuri, ila usidhani kompyuta imepata kinga. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Kitu cha pili ni kiendelezi, wengine wanasema ekstensheni, na kwenye Firefox vinaitwa viongezo. Hiki ni kiprogramu kidogo kinachoingia ndani ya kivinjari na kufanya kazi humo. Kinachokumbusha swala, kinachotafsiri maneno, kinachozuia matangazo, kinachosahihisha Kiingereza chako kwenye barua ya kazi, vyote ni viendelezi. Ili kifanye kazi, kinahitaji idhini. Unapobonyeza kitufe cha kuongeza, Chrome inakuonyesha kiboksi kidogo kinachotaja kile kiendelezi kinachoomba. Mara nyingi utaambiwa kwamba kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote.

Rudia kuisoma hiyo sentensi, ndugu yangu. Kusoma. Na kubadilisha. Data yako yote. Tovuti zote.

Maana yake ni kwamba ukifungua barua pepe, kinaweza kuiona. Ukiandika nywila, kinaweza kuiona kabla haijafika inakokwenda. Ukijaza fomu yenye namba yako ya NIDA, kinaweza kuiona, na kikitaka kinaweza hata kubadilisha unachokiona wewe kwenye kioo. Sisemi kila kiendelezi kinafanya hivyo. Nasema umekipa uwezo huo kwa kidole chako, kwa sekunde moja, huku unaongea na mteja.

Dini yetu ina mlango mzima wa idhini. Surat An-Nuur imetuamuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe. Na Sahl bin Sa'd, Allah amridhie, amesimulia tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim: mtu mmoja alichungulia kwenye tundu nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume alikuwa ana kitana anajikunia kichwa. Mtume akamweleza kwa ukali mkubwa, na akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Angalia sababu iliyotajwa. Yule mtu hakuwa ameiba wala hakuwa ameingia ndani. Aliangalia tu. Kumbe kuona peke yake, bila ruhusa, ni kuingia.

Sasa wewe umebandika jicho kwenye mlango wako mwenyewe. Je, unajua ni jicho la nani?

Kuna watu watasema shekhe anatisha watu. Basi nitawapa yaliyotokea, kwa majina na miaka.

Kulikuwa na kiendelezi kinaitwa The Great Suspender. Kazi yake ilikuwa kuvilaza vichupo ambavyo huvitumii, yaani zile kurasa nyingi unazoacha wazi, ili kompyuta yenye memori ndogo isielemewe. Kwa kompyuta zetu za mtumba ni kitu kilichosaidia kweli, na watumiaji wake duniani walizidi milioni 2. Aliyekitengeneza alikifanya kwa uaminifu kwa miaka. Mwaka 2020 akakiuza kwa mtu asiyejulikana. Watumiaji hawakuulizwa. Kiendelezi kilibaki na jina lile lile na picha ile ile, kikaendelea kujisasisha chenyewe kimya kimya kama vinavyofanya vyote. Februari 2021 Google ikakiondoa kwenye duka lake na kukizima kwenye kompyuta za watu, kwa maelezo kwamba kina programu hasidi. Mtu alikuwa amempa ufunguo Juma, Juma akamuuzia ufunguo mtu mwingine, na mwenye nyumba yupo kazini hana habari.

Mwaka 2019 mtafiti wa usalama wa mtandao, Sam Jadali, alifichua viendelezi 8 vya Chrome na Firefox vilivyokuwa vinakusanya anwani za kila ukurasa watu wanaofungua, na taarifa hizo kufika mahali zinapouzwa. Waliohusika wanakadiriwa kufika watu milioni 4. Humo zilionekana kumbukumbu za matibabu, mambo ya kodi, safari za watu. Kimoja kati ya viendelezi hivyo kazi yake ilikuwa kukuza picha ukipitisha mshale juu yake. Basi! Kukuza picha.

Na hata mwaminifu anaweza kuibiwa ufunguo. Desemba 2024 kampuni ya usalama ya Cyberhaven, ambayo biashara yake ni kulinda data za watu, mfanyakazi wake alidanganywa kwa barua pepe ya uongo, na wezi wakapata njia ya kuweka toleo chafu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Lilikaa hewani takriban siku moja, wakati wa Krismasi watu wakiwa mapumzikoni, likaingia kwenye vivinjari vya watumiaji wake bila mtu kubonyeza chochote.

Haya, narudi kwa mwenye Al-Kaaba.

Kuna tabia kwetu sisi Waislamu: kitu kikiwa na picha ya msikiti na mwezi, walinzi wetu wote wanalala. Tunasema hiki ni cha ndugu zetu. Novemba 2020 jarida la Motherboard liliripoti kuwa programu ya simu ya Muslim Pro, ambayo ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya Marekani inayoitwa X-Mode, na kwamba miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Mtu anafungua ajue muda wa Maghrib na upande wa kibla, na mahali alipo panasafiri. Muslim Pro walitangaza kuvunja uhusiano na kampuni hiyo baada ya habari kutoka. Januari 2024 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode, iliyokuwa imeshabadili jina, kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo. Najua hiyo ni programu ya simu, si kiendelezi cha kivinjari. Nimeileta kwa sababu moja: neno "Muslim" kwenye jina halimwambii mtu chochote kuhusu kinachofanyika nyuma ya kioo. Kiendelezi cha adhana kichunguze kama unavyokichunguza cha kupakua video. Saa ya msikitini na kalenda ya ukutani bado zinafanya kazi, alhamdulillaahi.

Na hapa wengi wanaingia mtegoni kwa jambo dogo. Unatafuta picha nzuri ya kupamba kivinjari, unaandika jina la mchezaji unayempenda, au Madina, au magari. Zinakuja nyingi, zote zinaonekana kama mandhari. Kumbe baadhi ni viendelezi vinavyochukua ukurasa mpya wote unaofunguka, vinakuwekea picha, halafu pamoja na picha vinabadilisha mahali unapotafutia, ili kila unachotafuta kipite kwao. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Ukibonyeza kuongeza, mandhari halisi haiombi kusoma kitu. Ikitokea picha inaomba idhini ya kusoma tovuti zako au kubadilisha utafutaji wako, funga. Picha ya maua haihitaji kujua unasoma nini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Wewe mwenye kompyuta yako nyumbani, ukiweka viendelezi 20, umejidhulumu nafsi yako, ni juu yako. Lakini kijana wa steshenari, ile kompyuta ya dukani unaikaa wewe na inapita mji mzima. Kila mtu anajua kazi zinazofanyika pale. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ukifika, foleni inatoka nje. Mtoto amemaliza kidato cha sita, ametoka Ikungi na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, cheti cha kifo cha baba yake, kitambulisho cha mdhamini. Anakukabidhi vyote ujaze wewe kwa sababu hajawahi kushika kompyuta. Anayeomba kazi Ajira Portal anakupa barua pepe na nywila, wengine wanakuandikia kwenye kikaratasi. Mwingine anafuatilia TIN. Mama anataka umtolee majibu ya hospitali yaliyotumwa kwa barua pepe na mwanawe.

Na kwenye kivinjari hicho hicho wewe umeweka kiendelezi cha kupakua video usichojua kimetengenezwa na nani, ili usiku upakue filamu.

Nisikilize vizuri. Wale watu hawakukupa wewe ruhusa ya kuwakaribisha watu wengine. Mkulima akipeleka magunia yake ya alizeti mashineni, anataka mafuta yake na mashudu yake. Mwenye mashine akimwacha mpita njia aingie ghalani ajipimie debe moja moja kwenye kila gunia, hawezi kujitetea kwamba yeye mwenyewe hakuchukua hata punje. Aliyefungua mlango wa ghala ni yeye, na mzigo ulikuwa mikononi mwake. Surat An-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kuzifikisha amana kwa wenyewe, na taarifa za yule yatima kutoka Ikungi ni amana kama pesa ilivyo amana. Mimi nasema hivi, na anayeona vingine atoe hoja yake: kuweka kiendelezi kinachosoma tovuti zote kwenye kompyuta inayotumiwa na wateja, bila wao kujua na bila kazi yao kukihitaji, haijuzu. Haibadiliki kwa kuwa hukukusudia ubaya.

Wale wanaopenda kuniambia "shekhe, hayo ni mambo ya dini, biashara ni biashara", nchi hii nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake ya kuisimamia. Taarifa za mtu ni mali ya mtu, serikali nayo imelisema.

Mtaniuliza, je, viendelezi vyote tuvitupe? Hapana. Hapa nitawashangaza baadhi yenu. Kiendelezi cha kuzuia matangazo mimi nakipendekeza, na kama baba wa familia nakipendekeza zaidi. Mtoto anafungua somo la hesabu, pembeni linacheza tangazo la kubeti, chini yake mwanamke nusu uchi. Amri ya kuinamisha macho unaijua, basi chombo kinachokusaidia kuinamisha ni neema. Tena bando linaokoka, kwa sababu matangazo nayo yanakula bando, hasa ya video, na unalilipia wewe.

Ila kuwa makini na jina. Kinachojulikana sana ni uBlock Origin, cha Raymond Hill, ambacho ni bure, na msimbo wake uko wazi kila mtaalamu ausome. Kipo kingine kinaitwa uBlock tu, bila neno Origin. Huyo Hill alikikabidhi kwa mtu mwingine mwaka 2015 na si chake tena. Majina yanafanana kama mapacha. Chrome imebadilisha taratibu zake na hicho cha zamani hakifanyi kazi tena humo, kimebaki uBlock Origin Lite, ambacho uwezo wake ni mdogo kiasi lakini kinaweza kufanya kazi ya msingi bila kuomba kusoma kurasa zako zote, na kwa maoni yangu hiyo ni fadhila. Kwenye Firefox kile kikubwa kinaendelea. Ndiyo, kile kikubwa nacho kinaomba idhini pana, kwa sababu huwezi kuzuia tangazo bila kuona ukurasa. Ndiyo maana nimetaja mwenyewe ni nani na kazi yake ikoje. Kumpa mtu ufunguo si haramu. Unampa unayemjua, kwa kazi unayoijua.

Wenye simu, ambao ndio wengi wenu, Chrome ya Android haipokei viendelezi, kwa hiyo hapo mmesalimika. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viongezo vingi Desemba 2023, kwa hiyo yote niliyosema yanakuhusu ukiitumia. Waliozoea Kiwi, yule kivinjari wa simu aliyekubali viendelezi vya Chrome, mtengenezaji wake alitangaza kuachana nacho Januari 2025. Hakipati tena marekebisho ya usalama, kitoeni. Na faili la programu ulilotumiwa WhatsApp na rafiki usilifungue, hata rafiki mwenyewe awe imamu.

Sasa kazi ya leo kabla hujalala. Kwenye kompyuta fungua Chrome, andika chrome://extensions sehemu ya anwani, bonyeza. Vitatokea vyote ulivyonavyo, na nakuhakikishia kuna ambavyo hukumbuki uliviweka lini. Kimoja kimoja jiulize: nimekitumia mwezi huu? Kama hapana, kiondoe, usikizime tu. Kinachobaki, fungua maelezo yake utazame kinaruhusiwa tovuti zipi. Chrome inakuwezesha kukibana kifanye kazi pale tu unapokibonyeza, au kwenye tovuti moja unayoitaja. Cha kutafsiri hakina haja ya kukaa macho ukiwa kwenye barua pepe. Ukimaliza, ingia kwenye akaunti zako muhimu ubadilishe nywila, kwa sababu kuondoa kiendelezi leo hakurudishi kilichoonwa jana.

Na kijana wa steshenari, wewe una njia nyepesi kuliko wote. Bonyeza ile picha ya wasifu juu ya Chrome, pembeni kulia, chagua Mgeni. Linafunguka dirisha ambalo viendelezi vyako havimo kabisa. Mhudumie mteja humo. Akimaliza, lifunge, historia na akaunti alizoingia vinafutika kwenye kompyuta. Mafaili uliyopakua hayafutiki, kwa hiyo vyeti vyake nenda kwenye folda ya vipakuliwa uvifute mbele yake, na pipa la takataka ulimwage. Kikaratasi chenye nywila mrudishie mkononi, au kichane akiona.

Mandhari ya Singida Black Stars unaweza kuiacha pale pale, kwenye wasifu wako.

Ukikuta kwenye orodha yako kiendelezi ambacho hukijui, andika jina lake hapo chini kama lilivyo, herufi kwa herufi. Wapo humu vijana wanaoijua kazi hii kuliko mimi, na tutasaidiana kukitazama baada ya Isha in shaa Allah.

Wallaahu a'lam.